Nilikata Mkia wa Mchoro

Mshono uliokatika pale Usangu haukuwa mbovu. Fundi aliyeuchomelea aliufanya vizuri, nami nililijua hilo usiku uleule ulipokatika, nikanyamaza. Naanza na hilo kwa sababu mengine nitakayoyaeleza, ya gololi na mitetemo na hesabu zake, yanaweza kusomeka kama kosa la kitaalamu tu, la aina ambayo mhandisi yeyote hulifanya akasamehewa. Sehemu yake ni hiyo kweli. Lakini kuna mzee mmoja aliyezuiliwa fedha zake na kuchafuliwa jina kwa kitu nilichokiharibu mimi, na kwa muda mrefu nilimwacha hivyo.

Kazi ilikuwa ya mashine ya kukoboa mpunga. Mashine kama hiyo ina feni kubwa ya kuvuta pumba, na pale feni ilikaa juu ya jukwaa la vyuma vya umbo la U. Upande mmoja wa jukwaa ulichomelewa kwenye nguzo za jengo, upande wa pili ulining'inia bila mguu ili wapakiaji wapite chini na magunia. Feni ilizunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, na jukwaa lilipanda na kushuka nayo. Ukitazama kichwa cha bolti kwenye ncha ya jukwaa hukukiona kama kichwa cha bolti. Uliona kivuli chenye kingo mbili. Mwenye mashine, mama mfanyabiashara, alinionyesha kwa kidole akasema, "Injinia, kitu hiki kinanitisha. Vijana wangu wanapita hapo chini kutwa nzima."

Jibu lililotakiwa lilikuwa la kawaida kabisa. Unazima feni, unafungua, unakagua mapanga. Pumba za mpunga zina silika nyingi, na silika hula chuma. Mapanga hayaliki sawasawa, kwa hiyo upande mmoja unabaki mzito kuliko mwingine, na uzito ule ukizungushwa mara 25 kwa sekunde ndio unaolitikisa jukwaa. Unabalansi feni, kisha unaliongezea jukwaa mguu au chuma cha mshazari. Haya yote niliyajua, na siku ya kwanza niliyataja. Lakini ulikuwa msimu wa mavuno, magunia yalikuwa yamepangwa mpaka nje, na kila saa ya kuzima ilikuwa hasara. Nami kichwani nilikuwa na kitu nilichotamani kukijaribu kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Mama, mguu hautahitajika. Na hatuzimi mashine mchana."

Kitu chenyewe ni kisanduku cha gololi. Wahandisi Paul Lieber na D. P. Jensen waliandika juu yake mwaka 1945 katika machapisho ya jumuiya ya wahandisi wa mitambo ya Marekani. Unachukua kasha gumu, unalifunga imara kwenye kitu kinachotetemeka, na ndani unaacha uzito ulio huru wenye nafasi ya kusogea. Kitu kikitikisika, uzito hauendi nacho sawa. Unabaki nyuma, ukuta unaufuata, vinagongana, na katika kugongana huko sehemu ya nguvu ya mtetemo inageuka joto na sauti. Hakuna umeme, hakuna mafuta, hakuna mpira wa kuchakaa. Baadaye watu waligundua kwamba badala ya uzito mmoja unaweza kutia punje nyingi za chuma, risasi au tangsteni, zikagongana na kusuguana zenyewe kwa zenyewe. Mapema miaka ya 1990 wahandisi wa injini za roketi Marekani walieleza jinsi ya kutoboa matundu ndani ya vipande vya injini na kuyajaza punje za namna hiyo, mahali penye baridi au joto ambalo mpira wowote usingelistahimili.

Nilikipenda kifaa hiki, na bado nakipenda. Kuna nyundo zenye kichwa cha uwazi kilichotiwa vipande vya chuma, ambazo ukipiga hazidundi. Ndani ya milingoti mirefu ya chuma huning'inizwa minyororo iliyofunikwa mpira, upepo ukiuyumbisha mlingoti mnyororo unagonga ukuta na kuutuliza. Kwenye mashine za kukereza, vyuma virefu vya kupanulia matundu hutiwa uzito huru ndani ili visipige kelele na kuacha mawimbi kwenye kazi. Vile vipande kama vyuma vya kunyanyulia uzito vinavyoning'inia kwenye nyaya za umeme wa msongo mkubwa karibu na nguzo ni vingine. Hivyo vilibuniwa na George Stockbridge miaka ya 1920, na vinatuliza waya kwa kucheza kwa mwendo uliopangwa, bila kugongana na chochote. Tofauti hiyo nilikuwa nikiwafundisha vijana wa mafunzo. Inaniuma kwamba niliweza kuifundisha tofauti hiyo vizuri kiasi kile na nisione iliyo kubwa zaidi.

Niliokota gololi kutoka kwenye beringi mbovu za malori, nikaziosha kwa dizeli, nikazitia kwenye kasha la bamba nene nikaacha nafasi ya vidole viwili juu yake. Kasha na gololi vilifika karibu kilo 30. Tukalifunga kwenye ncha ya jukwaa kwa bolti nne.

Jaribio nililifanya usiku, mashine zikiwa zimezimwa. Niliivika nyundo kubwa kipande cha tairi, nikalipiga jukwaa mara moja kwa nguvu, na simu iliyofungwa juu yake ikarekodi mtetemo. Kabla ya kisanduku, jukwaa lilivuma na kuendelea kuvuma. Baada ya kisanduku, gololi zilipiga kelele ya kupasua masikio na mtetemo ukaanguka ghafla. Kwenye kioo cha simu mchoro ulikuwa mzuri ajabu: mwanzo mawimbi marefu, mara yamekuwa mafupi. Niliinua simu nikamwonyesha mwenye mashine, naye akafurahi, nami nikafurahi kupita yeye.

Ila mchoro ule ulikuwa na mkia. Baada ya kuanguka ghafla, mtetemo haukuisha. Ulibaki mdogo, na katika udogo huo ukaendelea kwa muda uleule wa zamani, ukipungua polepole kama vile kisanduku hakipo. Niliuona. Nilipoandaa ripoti niliuvuta mchoro ukaishia pale mawimbi yalipofupika, nikaukata mkia wote. Nilijiambia kwamba ni takataka za kihisi cha simu, kwamba zitamchanganya msomaji. Sikujiuliza kwa nini takataka za kihisi ziwe na mwendo uleule wa jukwaa, karibu mara 23 kwa sekunde.

Mkia ule ndio uliokuwa ukisema kweli. Gololi zilizolala kwenye sakafu ya kasha linalopanda na kushuka haziruki ovyo. Zinakandamizwa na mvutano wa dunia, na ili ziachane na sakafu ni lazima sakafu ianguke chini yake kwa mchapuko unaoshinda mvutano huo, yaani mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa mtetemo wa mara 25 kwa sekunde, hesabu inatoa takriban milimita 0.4 kutoka katikati hadi juu. Zaidi ya hapo gololi zinaruka, zinagonga, zinafanya kazi. Chini ya hapo zinapanda na kushuka na sakafu yake, zimetulia, nazo ni uzito wa ziada tu. Nyundo yangu ililitikisa jukwaa zaidi ya kiasi hicho. Feni, siku ile, ilikuwa ikilitikisa karibu milimita 0.3.

Hesabu hii ni mstari mmoja. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaiweza. Ni kweli kwamba kama kasha lingekuwa la mtetemo wa kulala, wa kwenda kushoto na kulia, mvutano usingezifunga gololi namna hiyo. Lakini hapo nako kuna sharti lake. Nafasi ya uzito kusogea ni lazima iendane na upana wa mtetemo. Unachotafuta ni uzito ugonge huku na huku, mara mbili katika kila mzunguko. Ukiacha nafasi ya vidole viwili kwa kitu kinachosogea chini ya nusu milimita, uzito hauufikii ukuta wa pili kwa wakati. Mimi nafasi ile niliikadiria kwa macho kutoka kwenye picha niliyowahi kuiona. Shokapu ya gari hupunguza mtetemo mdogo na mkubwa kwa kanuni ileile. Kisanduku cha gololi kina kizingiti, na anayekipima lazima akipime katika hali ileile kitakayofanyia kazi. Nilikipima kwa nyundo, kisha nikakiacha na feni.

Asubuhi feni ilipowashwa kipimo kilishuka kutoka milimita 0.3 hadi kama 0.2. Nikaona nimeshinda. Niliweka kiganja juu ya kasha, na kasha lilikuwa kimya. Nikamwita mwenye mashine, nikamwambia aweke mkono wake pia, nikasema, "Unaona, Mama, hata kelele hakina." Sentensi hiyo naikumbuka neno kwa neno. Kifaa kinachofanya kazi kwa kugongana, nami nilikitangaza kizuri kwa sababu hakigongani.

Kilichoshusha kipimo kilikuwa ni zile kilo 30 zenyewe. Kila jukwaa lina mwendo wake wa asili, ule linaotetema nao likipigwa na kuachwa. La pale lilikuwa chini kidogo ya mara 25 kwa sekunde, karibu mno na mwendo wa feni, na ndiyo maana lilitikisika vile. Uzito ulipoongezeka, mwendo wa asili ukashuka kidogo, ukajitenga na wa feni, na mtetemo ukapungua. Kipande cha reli cha uzito uleule kingefanya hivyo hivyo. Jukwaa lilikuwa limepata nafuu ndogo, na feni iliyojaa kasoro ilikuwa bado juu yake, mapanga yakiendelea kuliwa kila siku. Kwa kuwa nilisema mguu hauhitajiki, mguu haukuwekwa. Kwa kuwa nilisema tatizo limekwisha, feni haikubalansiwa.

Chuma huchoka. Hakihitaji kuzidiwa mara moja. Inatosha kikunjwe kidogo mara nyingi. Mara 25 kwa sekunde ni mara 90,000 kwa saa. Mizunguko milioni kumi, kiasi ambacho wahandisi wengi hukitumia kupimia ustahimilivu wa chuma, inafika kwa saa 111 za kazi. Mashine ya mpunga katika msimu inazimaliza saa hizo kabla hujaanza kuhesabu wiki.

Jukwaa lilipasuka usiku, kwenye shina la upande wa kushoto. Lilining'inia kwenye mshono wa kulia, mkanda ukaruka, kasha la feni likasagika. Hakuna aliyeumia. Wapakiaji walikuwa upande wa pili wa ghala. Wangekuwa njiani, ningekuwa naandika maungamo mengine.

Nilifika kabla hakujapambazuka. Mwenye mashine alikuwa amesimama na tochi, na aliyelichomelea jukwaa ameitwa, mzee ambaye mafundi wote wa eneo lile walimwamkia kwa heshima. Mama alikuwa ameshaamua. "Weldingi mbovu hii," alisema. Mzee hakubishana naye. Alinigeukia mimi akasema, "Injinia, hebu angalia mwenyewe. Mshono umeingia mpaka ndani."

Niliinama nikaangalia. Uso wa mkatiko ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu kubwa ilikuwa laini, yenye mistari myembamba ya kupinda iliyopangana, ikianzia sehemu moja ndogo ukingoni, pale mshono unapokutana na chuma. Sehemu iliyobaki, ndogo, ilikuwa ya kukwaruza, iliyochanika ghafla. Mistari ile haiachwi na mshono mbovu. Huachwa na ufa unaotembea kidogo kidogo chini ya mtetemo, na sehemu ya kukwaruza ndiyo iliyobaki kubeba mzigo wote mpaka ikashindwa. Sikuona tundu la hewa wala mahali ambapo chuma hakikuyeyuka. Mzee alisema kweli tupu, na alinitazama akingoja niseme.

Nikasema, "Itabidi tuchunguze."

Maneno hayo mawili ndiyo ninayoyaona kuwa mabaya kuliko kisanduku chote. Hesabu ya milimita 0.4 naweza kusema sikuifanya. Mkatiko ule niliusoma, nikauelewa, nikachagua neno linaloniokoa. Mama akayachukua maneno yangu kama ya kukubaliana naye. Akazuia fedha za mzee za kazi nyingine aliyokuwa ameimaliza palepale, na kwa kuwa habari husafiri, wenye mashine wengine wakaacha kumwita. Jukwaa likachomelewa upya na fundi mwingine, nami, kwa aibu ninayoieleza leo, nikasimamia kurudishwa kwa kisanduku mahali pake.

Aliyenivua kilemba alikuwa kijana wa mafunzo niliyekwenda naye kukagua. Aliweka sikio karibu na kasha, akainuka, akauliza kwa adabu, "Injinia, samahani, mbona hizi gololi hazigongi?" Sikumjibu. Nilimwambia tulifungue. Tulizishindilia gololi kwa matambara yaliyolowekwa grisi mpaka hakuna iliyoweza kujongea, tukafunga mfuniko, tukawasha feni. Kipimo kilikuwa kilekile. Tukayatoa matambara, tukawasha tena. Kilekile. Jaribio hilo linachukua muda mfupi kuliko kunywa chai, na lilipaswa kuwa la kwanza: uzito uleule, umefungwa, kisha uzito uleule, umeachwa huru, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo kazi ya kugongana. Kwangu tofauti ilikuwa sifuri.

Siku hiyo nilimwambia mwenye mashine yote. Nilimwonyesha mchoro mzima pamoja na mkia, na nikamweleza mkatiko. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja: kama nilijua jukwaa linaweza kukatika, kwa nini nilimwambia mguu hauhitajiki. Nilimjibu kwamba sikutaka kujua, na kwamba nilitaka kisanduku kifanye kazi kuliko nilivyotaka jukwaa liwe salama. Feni ikazimwa kesho yake. Mapanga yalibadilishwa na kubalansiwa, jukwaa likapata mguu wa mshazari unaowapisha wapakiaji, na mtetemo ukashuka hata vumbi likaanza kutulia juu ya jukwaa. Gharama ya mguu nililipa mimi. Mama alimlipa mzee fedha alizokuwa amezizuia, na mimi nikamwongezea za siku alizokosa kazi, kadiri yeye mwenyewe alivyozitaja.

Mzee nilimkuta kwa binti yake, mji mwingine, akitengeneza mageti. Nilimwamkia, akaitikia. Nilisema niliyokuja kuyasema bila kuyazungusha. Alisikiliza akiwa na miwani yake ya kuchomelea imeinuliwa kwenye paji la uso. Kisha akasema, "Mimi nilijua unajua. Niliona macho yako yalivyosimama pale kwenye ile mistari." Akanyamaza kidogo, akaendelea, "Ningependa uwaambie na wale." Aliwataja wenye mashine mmoja mmoja, na nilikwenda kwao wote. Wawili wameshamrudishia kazi. Mmoja aliniambia kwamba ameshapata fundi wake na hana haja ya kubadilisha tena, na hilo siwezi kulirekebisha.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. Mchoro wangu uliokatwa mkia niliwaonyesha vijana wengi wa mafunzo, wakaupiga picha, na nimesikia kwamba baadhi yao wametengeneza visanduku vyao: kimoja kwenye fremu ya jenereta, kingine kwenye chekecheo la kokoto. Chekecheo hutikisika sana, huenda huko gololi zinaruka kweli na kisanduku kinasaidia. Siwezi kulijua hilo bila kukipima. Jenereta inanitia wasiwasi. Kama umetengeneza kisanduku kwa mchoro wangu, zishindilie gololi zake kwa matambara, pima mashine ikiwa kwenye kazi yake ya kawaida, kisha yatoe upime tena. Vipimo vikilingana, kitoe kisanduku, tafuta kinachotikisa, na usiruhusu mtu kupita chini ya kitu hicho mpaka kiwe na mguu wa kukishikilia.